Leseni ya Mwalimu na Deni la Anayeitoa

Hotuba kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na wakufunzi wa vyuo vya ualimu

Ndugu wakuu wa shule na walimu wakuu, wakufunzi wenzangu, wathibiti ubora wa shule, maafisa elimu, na ninyi walimu mlioacha vipindi vyenu mikononi mwa wenzenu ili mje kunisikiliza: nawashukuru kwa heshima mliyonipa.

Katika barua yenu mliniomba nizungumzie leseni ya ualimu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu neno hili limenifuata katika miaka yangu yote ya kazi, nikiwa mwalimu, nikiwa mkaguzi na nikiwa mkufunzi, na kwa sababu naona mjadala wetu juu yake umekuwa wa upande mmoja. Tumekuwa tukiulizana leseni itamdai mwalimu nini: mtihani gani, ada kiasi gani, mafunzo ya siku ngapi. Leo naomba tuugeukie upande wa pili. Dola inapogonga muhuri wake juu ya leseni ya mwalimu, yenyewe inaahidi nini, inamwahidi nani, na ahadi hiyo ikivunjwa nani anadaiwa?

Nianze na neno lenyewe. Dereva akisema ana leseni, abiria hutulia, kwa kuwa leseni ni ushahidi kwamba amejifunza, amepimwa na amefaulu. Kwa walimu wa Tanzania Bara wa rika langu, neno hilohilo lilibeba maana iliyo kinyume. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka milango miwili ya kuingilia darasani. Aliyesomea ualimu alisajiliwa, na usajili huo ndio uliokuwa heshima yake. Asiyesomea ualimu, lakini akahitajika kwa sababu walimu hawakutosha, alipewa leseni ya kufundisha kwa muda maalumu. Kwa hiyo katika ofisi ya walimu, iliposemwa kwamba fulani ni mwalimu wa leseni, kila mtu alielewa kwamba huyo hajasomea kazi, ameshikizwa tu. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2018, Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Kitaaluma ya Walimu Tanzania na kuipa kazi ya kusajili walimu, kuwapa leseni na kusimamia mwenendo wao, wawe wa shule za serikali au za binafsi. Ndani ya sheria hiyo leseni ni alama ya mwalimu aliyekamilika. Bunge laweza kuligeuza neno kwa siku moja. Masikio ya watu hayageuki upesi hivyo, na naamini kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wa walimu juu ya leseni inatoka katika kumbukumbu hii, wala si katika uvivu au woga wa kupimwa kama wengine wanavyodai. Ndiyo maana naomba mniruhusu nirudi nyuma kidogo.

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikiwa Musoma, iliazimia kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Lilikuwa azimio kubwa na la haki, na mimi ni mmoja wa waliolifaidi. Lakini watoto waliitwa shuleni kabla walimu hawajapatikana, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kamwe kuwatoa walimu wa kutosha katika miaka mitatu. Njia iliyotumika ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu kwa jumla, kuwaweka katika shule za vijijini, na kuwafunza ualimu hukohuko kwa vijitabu vilivyotumwa kwa posta, kwa vipindi vya redio, na kwa uangalizi wa walimu wazoefu, huku wakifundisha sehemu ya siku. Waliitwa walimu wa UPE, kwa kifupi cha jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Sote tunajua jina hilo lilivyotumiwa baadaye: mtu asiyejua kuandika barua vizuri aliambiwa amesomeshwa na mwalimu wa UPE, na mwalimu wa UPE mwenyewe alistaafu akiwa bado analibeba jina hilo kama kovu.

Mimi nilikuwa darasa la nne mwaka 1977, na mwalimu wangu alikuwa mwalimu wa UPE. Alikuwa kijana mdogo, ndevu zake hazijaota sawasawa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mzee aliyesomea ualimu zamani za ukoloni, na kila siku za Jumanne na Alhamisi alichukua kigoda chake akaja kukaa nyuma ya darasa letu na daftari lake magotini. Sisi watoto tulidhani anatulinda sisi tusifanye kelele. Saa za jioni, tukiwa tunamwagilia bustani ya shule, tuliwaona wawili hao wameketi chini ya mwembe, kijana anasoma andalio lake la kesho na mzee anamkatiza: hapa watoto watakwama, anza na kitu wanachokijua nyumbani. Ndivyo tulivyojifunza sehemu kwa pishi na kibaba. Mama zetu walipima nafaka kwa vipimo hivyo, kwa hiyo kila mtoto alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na siku kijana yule alipotuambia kwamba kibaba ni robo ya pishi, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili. Sijapata kufundishwa hesabu vizuri kuliko vile tena mpaka nilipoingia chuo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkaguzi, nilikutana na walimu wa UPE wa kila aina. Walikuwapo waliofundisha kwa ustadi, na walikuwapo ambao kwa kweli hawakuwa wamefundishwa chochote. Vijitabu vyao vilikuwa vilevile, redio ni ileile, na cheti chao ni kimoja. Nilipowauliza juu ya miaka yao ya mwanzo, jibu lilinipa tofauti moja ambayo sikuacha kuiona: wale wazuri walimkumbuka mwalimu mkuu fulani kwa jina. Wale wengine walikumbuka kwamba siku ya kwanza walipewa chaki na rejista, wakaonyeshwa mlango wa darasa, basi. Mkononi mwao kulikuwa na ruhusa ile ile ya dola. Kwa kijana yule aliyenifundisha mimi ilikuja na mtu. Kwa wenzake ilikuja tupu.

Tulipaswa kujifunza kutokana na hayo, na hatukujifunza. Katika miaka ya 2000, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza na kila kata ikahimizwa kujenga shule yake, shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,102 mwaka 2009. Wananchi walibeba mawe na mchanga, wakachanga, wakajenga, na nawaheshimu kwa kazi hiyo. Walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza kidato cha sita wakakusanywa vyuoni kwa mafunzo ya takriban mwezi mmoja, wakapewa leseni, wakapelekwa shule za kata. Mtaani wakabatizwa jina la huduma ya kuongezea salio la simu iliyokuwa ngeni wakati ule, wakaitwa Voda Fasta, maana yake walijazwa upesi kama salio.

Nilikuwa mmoja wa wakufunzi walioitwa kuwafundisha. Nasema haya mbele yenu kwa sababu sijawahi kuyasema hadharani. Mwezi ule mmoja niliwafundisha saikolojia ya elimu asubuhi na mbinu za kufundishia mchana, na kufikia wiki ya tatu nilijua kwamba vijana hawa, ambao wengi wao walikuwa na akili nyepesi na nia njema, hawakuwa tayari. Nilitia sahihi orodha ya waliomaliza. Nilijiambia kwamba watapokelewa na walimu wazoefu huko waendako. Wengi walikwenda shule ambazo mwalimu mzoefu alikuwa mmoja tu, naye ni mkuu wa shule anayehangaika na paa la maabara. Na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata daraja sifuri, hata Serikali ikaunda tume ya uchunguzi na matokeo yenyewe yakapangwa upya, kidole cha kwanza cha watu kilimwelekea mwalimu. Sikuona mahali ambapo yeyote aliuliza leseni zile zilitolewa na nani. Baadhi ya vijana wale walijiendeleza kwa fedha zao, wakasoma diploma na shahada kwa masafa usiku, na leo ni walimu hodari. Wawili kati yao wamo humu ukumbini, nao ni wakuu wa shule. Walijilipia wenyewe deni ambalo dola ilikuwa inadaiwa.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Leseni ya mwalimu ni ahadi ambayo dola inampa mzazi. Inamwambia: mwache mtoto wako hapa, mtu huyu tumemfunza, tumemtazama akifanya kazi, na tutaendelea kumtazama. Mzazi wa kijijini hawezi kumpima mwalimu wa fizikia; anaitegemea dola impimie. Kwa hiyo mwalimu akiingia darasani bila kuandaliwa, aliyevunja ahadi kwanza ni mtoaji wa leseni. Sera yoyote ya leseni inayoandika wajibu wa mwalimu katika kurasa ishirini, na wajibu wa dola katika aya moja, itarudia yale ya mwaka 1974 na ya miaka ya 2000, hata kama muhuri wake utapambwa namna gani.

Tusidhani kwamba kishawishi hiki ni cha nchi maskini peke yake. Nchini Marekani utoaji wa leseni za walimu ni kazi ya kila jimbo, na majimbo yote 50 yana masharti yake. Jimbo la Oklahoma katika mwaka wa shule wa 2011/12 lilitoa leseni za dharura 32 kwa watu ambao hawakuwa wametimiza masharti ya kawaida. Muongo mmoja baadaye leseni za namna hiyo zilihesabiwa kwa maelfu kila mwaka, kwa sababu walimu waliosomea kazi walikuwa wakiiacha au wakihamia kwenye mishahara bora. Wisconsin nako, mwaka 2017, waliamua kwamba mwalimu aliyekwisha kufundisha mihula sita apewe leseni ya kudumu, asiwe na mzigo wa kuihuisha tena. Mtu akiniuliza ni lipi kati ya hayo mawili linanitia hofu, nitamjibu ni la Oklahoma. Leseni ya kudumu aliyopewa mwalimu aliyekwisha kuthibitishwa inaweza kuwa uamuzi wa busara, ikiwa shule yenyewe ina utaratibu wa kuendelea kumjenga. Leseni ya dharura isiyo na mwisho huwa ndiyo mlango wa kawaida, na mlango wa waliosomea ualimu unabaki bila mpitaji.

Karibu nasi zaidi ni Kenya, na kwao kuna ya kuiga na ya kuepuka. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 237, inaipa Tume ya Huduma za Walimu kazi ya kuwasajili walimu waliosomea kazi, kuwaajiri, kuwapangia vituo, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwaadhibu, na sheria ya mwaka 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya ualimu. La kuiga ni ile rejista. Mwalimu aliyefutwa kwa kumdhuru mwanafunzi hutangazwa jina lake katika gazeti rasmi la serikali, na shule ya binafsi katika kaunti ya mbali haiwezi kusema haikujua. Sisi kwa miaka mingi tumekuwa na pengo hapo, kwa sababu Tume yetu ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inawashughulikia walimu walio katika utumishi wa umma. Aliyefukuzwa kazi serikalini kwa kosa la kumharibia maisha binti wa watu aliweza kuvuka barabara akaomba kazi shule ya binafsi. Nilipokuwa mkaguzi niliwahi kumkuta mtu wa namna hiyo akiwa mwalimu wa zamu, amesimama mbele ya mstarini asubuhi, na mmiliki wa shule aliponiambia kwamba hakuna aliyemwambia chochote, nilijua anasema kweli. Kwa sababu hiyo moja tu mimi naiunga mkono leseni inayowahusu walimu wote wa serikali na wa binafsi, na ningeiunga mkono hata kama isingekuwa na faida nyingine.

La kuepuka ni namna walivyoanza mafunzo ya kuendeleza taaluma mwaka 2021. Mwalimu alitakiwa kupitia hatua sita za mafunzo, kila moja ya miaka mitano, katika taasisi chache zilizoteuliwa, na ada ya shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka itoke mfukoni mwake, huku cheti chake cha kufundisha kikitegemea mafunzo hayo. Walimu wengi walipinga, na mimi niliyasikiliza malalamiko yao kwa makini. Hawakusema hawataki kujifunza. Walihoji kwa nini anayemtaka ajifunze ni mwajiri wake, anayepanga ajifunze wapi ni mwajiri wake, anayeweza kumnyima cheti ni mwajiri wake, lakini anayelipa ni yeye. Msajili na mwajiri wanapokuwa mtu mmoja, leseni hugeuka kwa urahisi kuwa fimbo ya mwajiri. Sheria yetu ya 2018 imetenganisha mambo hayo mawili, Bodi upande mmoja na Tume upande mwingine, na naomba utengano huo ulindwe kwa nguvu zote, kwa sababu siku Bodi itakapokuwa inamfutia mwalimu leseni kwa kuwa amegombana na mkurugenzi wake, hakuna mwalimu atakayeiheshimu tena.

Sasa nakuja kwenu, wakuu wa shule na walimu wakuu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu naona ndipo mahali ambapo sera yetu ina tundu kubwa kuliko yote.

Tazameni mambo ambayo nchi imewakabidhi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na kwamba anayeruhusiwa kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu ambaye mkuu amempa idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika kitabu. Mimi ningependa kiboko kiondoke shuleni kabisa, na nimesema hivyo mara nyingi. Lakini kwa kadiri sheria ilivyo leo, mwili wa mtoto uko chini ya sahihi ya mkuu wa shule. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, na anayeijibia ni huyohuyo. Yeye ndiye mpokeaji wa mwalimu mpya anayeripoti na begi lake na barua ya kupangiwa kituo. Yeye ndiye mwenyekiti wa vikao vya walimu, katibu wa kamati au bodi ya shule, msimamizi wa fundi anayejenga choo, na mtu wa kwanza kuitwa mtoto anapozama mtoni. Na kwa kazi zote hizo, wengi wenu mliandaliwa na nini? Na barua ya uteuzi. Mlikuwa walimu wazuri wa Kiswahili, wa biolojia, wa darasa la kwanza, mkaamka siku moja mmekuwa wakuu.

Nafahamu kwamba tuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, kule Bagamoyo, na wengi wenu mmepita hapo au mmehudhuria kozi zake, na kazi yake naiheshimu. Ninacholalamikia ni mpangilio: mafunzo yanakuja baada ya uteuzi, wakati mwingine miaka mingi baada ya uteuzi, na kwa wengine hayaji. Daktari wa Tanzania hasajiliwi kikamilifu kabla ya kufanya mwaka mzima wa mazoezi kwa vitendo chini ya wakubwa wake hospitalini. Anayetaka kuwa wakili hupita Shule ya Sheria. Mhandisi aliyehitimu hufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla jina lake halijaingia katika daftari la wahandisi kamili. Mkuu wa shule yenye watoto 900 anaanza kazi Jumatatu kwa sababu barua ilitoka Ijumaa.

Katika majimbo mengi ya Marekani uongozi wa shule una leseni yake, tofauti na ya ualimu: mtu awe amefundisha kwa miaka kadhaa, awe amesoma masomo ya uongozi wa shule ngazi ya juu, na katika baadhi ya majimbo apite mtihani. Sitaki tuichukue hiyo kama ilivyo, kwa kuwa huko nako wapo wanaoisomea leseni hiyo ili wapate nyongeza ya mshahara bila nia ya kuongoza shule yoyote, na karatasi haijawahi kumfanya mtu kuwa kiongozi. Ninachokitaka ni wazo lililo chini yake, kwamba kuongoza shule ni kazi inayojifunzwa kabla ya kupewa, na kwamba kufundisha vizuri peke yake hakutoshi mtu kukabidhiwa kazi hiyo.

Na hapa ndipo yule mzee wa kigoda anaporudi. Leseni ya mwalimu mpya haina maana bila mtu wa kukaa nyuma ya darasa lake. Bodi itakuwa makao makuu, itakuwa na mfumo wake wa kompyuta na mihuri yake, lakini haiwezi kumwona binti aliyeripoti jana katika shule ya kata pembezoni mwa Kilwa au Kakonko akifundisha kidato cha pili. Anayeweza kumwona ni mkuu wake. Ikiwa mkuu huyo hajui kutazama somo, au anajua lakini muda wake wote umemezwa na risiti na vikao, leseni ya binti huyo ni karatasi. Kwa hiyo, kama rasilimali ni kidogo na ni lazima tuanze na kundi moja, maoni yangu ni kwamba tusianze na walimu laki kadhaa. Tuanze na wakuu wa shule. Tuwaandae kwanza, tuwape wao leseni kwanza, ya uongozi, na leseni hiyo iseme kwamba mwenye nayo anajua kukaa darasani mwa mwenzake na kumsaidia bila kumdhalilisha.

Nitasema machache juu ya yale mengine, kwa kuwa mnayafahamu. Mhitimu wa ualimu apewe kwanza leseni ya awali, na mwaka wake wa kwanza kazini uwe na vipindi vichache na mwalimu mlezi aliyepunguziwa vipindi vyake kwa ajili hiyo. Mazoezi ya kufundisha ya wiki chache wakati wa chuo hayawezi kubeba kazi hiyo. Kuhuisha leseni kutokane na mafunzo yanayofanyika shuleni, yale ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, katika jumuiya za ujifunzaji ambazo tayari mnazo, yaandikwe na kuhesabiwa, na mwalimu asitozwe ada kwa jambo analolifanya kwa manufaa ya mwajiri. Na lipo kundi ambalo nisingejisamehe kama ningeondoka bila kulitaja: vijana waliohitimu ualimu tangu mwaka 2015 na bado hawana ajira. Wengine wamefundisha kwa kujitolea kwa miaka mitano, wakilipwa na michango ya wazazi, na sasa wanasafiri mikoa miwili kwenda kufanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kumtoza kijana huyo ada ya leseni ni dhuluma. Miaka yake ya kujitolea, ikithibitishwa na mkuu wa shule, ihesabiwe kuwa ndiyo mwaka wake wa awali, na leseni apewe bure mpaka siku atakapopata mshahara wa kwanza.

Kuhusu leseni za dharura, sidhani kwamba tutaziepuka daima. Wimbi jingine la watoto litakuja, uhaba wa walimu wa fizikia na hisabati upo leo, na mtaala mpya wenye masomo ya ufundi unahitaji mafundi ambao hawakusomea ualimu. Mtu mwenye ujuzi akija kusaidia, tumpokee kwa heshima. Lakini leseni yake iandikwe deni juu yake: kwamba kufikia tarehe fulani Serikali itakuwa imemlipia na kumkamilishia mafunzo ya ualimu, na tarehe hiyo ikipita bila mafunzo, anayehojiwa mbele ya Bodi awe ofisa aliyeisaini, wala si fundi wa watu aliyeitika wito. Laiti orodha ile niliyoitia sahihi mimi ingekuwa na tarehe ya namna hiyo. Ningekuwa na mahali pa kwenda kudai, na vijana wale wangekuwa na mtu wa kumdai.

Jambo la mwisho ni dogo, na nimelileta likiwa limeandikwa. Nimetengeneza mfano wa fomu ya kuombea leseni kamili baada ya mwaka wa awali. Ina sehemu za kawaida za jina, cheti na chuo. Chini yake nimeongeza jedwali lenye mistari ishirini, na kila mstari una nafasi ya tarehe, darasa, somo lililotazamwa, jambo moja ambalo mkuu wa shule alimshauri mwalimu, na sahihi ya wote wawili. Fomu isiyojazwa mistari hiyo irudishwe kwa mkuu wa shule, isirudishwe kwa mwalimu. Nakala ziko mezani kwa katibu wa mkutano. Naomba kila mmoja wenu achukue moja, aandike pembeni mwake kwa kalamu ni mistari mingapi angeweza kuijaza kwa uaminifu kwa mwalimu mpya aliye naye shuleni sasa hivi, na ni nini kinamzuia kuijaza iliyobaki, kisha tuzikusanye kabla ya chakula cha mchana, kwa maana majibu hayo ndiyo nitakayoyapeleka kwa wanaoandika kanuni.